Tupu si Sifuri: Nilivyokosea Kuhesabu Miti ya Mto Athi

Najua nimeadimika. Wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu, na mmoja akauliza kama nimeoa. Yote mawili hapana. Nilikuwa na kazi ya pembeni isiyolipa, ikanila wikendi nyingi kuliko kazi inayonilipa. Leo nataka niwasimulie, kwa sababu ndani yake kuna kosa la kiprogramu ambalo nalionea aibu mpaka sasa.

Kosa lenyewe ni dogo: neno moja na tarakimu moja kwenye jedwali la hifadhidata. Lakini nusura liwafanye watu waamini kwamba miti adimu iliyoko kando ya Mto Athi, mpakani mwa Kitui na Makueni, inazaana vizuri, wakati hakuna aliyejua kama inazaana au la.

Tuanze na mti.

MTI WENYEWE

Kwa wale wasioujua (nami nilikuwa mmoja wenu), jina lake la kitaalamu ni Populus ilicifolia. Waingereza waliuita kwa jina la Mto Tana, kwa hiyo mimi nauita mpopla wa Tana. Mipopla tunayoiona kwenye picha na filamu ni miti ya nchi za baridi: Ulaya, Kanada, kaskazini mwa China. Huu wetu unaishi karibu na ikweta, kwenye joto, kando ya mito michache kama Tana, Athi na Ewaso Ng'iro. Hauondoki kando ya maji. Unaweza kufika mita 30, na majani yake yana meno meno pembeni. Kule Tana watu huchonga mitumbwi kwa gogo lake. Umo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN kama mti ulio hatarini.

Sasa fikiria mti usioweza kutoka mtoni. Kundi lililoko Athi na kundi lililoko Tana ni kama watu wa visiwa viwili, ila kati yao badala ya bahari kuna nyika kavu. Kundi moja likiisha, lile lingine si rahisi lije kujaza pengo.

Kuna mambo mawili zaidi ya kujua, maana ndiyo yaliyoniponza.

La kwanza: mti huu ni kama mpapai, kuna dume na kuna jike. Chavua hubebwa na upepo. Mto ni mpaka wa kaunti, kwa hiyo unaweza kukuta dume liko Makueni na jike liko ng'ambo, Kitui. Upepo hauulizi kitambulisho.

La pili: mbegu zake ni ndogo sana, zina pamba, na hazidumu siku nyingi. Hupeperushwa na upepo, huchukuliwa na maji, na zinataka kitanda cha aina moja tu: mchanga na tope jipya, lenye unyevu, lililo wazi juani, ambalo mafuriko yameliacha yakiondoka. Mafuriko yasipokuja, hakuna kitanda. Mafuriko mengine yakifuata haraka mno, yanasomba kitanda pamoja na mtoto. Kwa hiyo mti huu unaweza kukaa miaka bila kupata hata mche mmoja wa kukua, kisha mwaka mmoja ukapata kizazi kizima.

NILIVYOINGIA

Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari alikwenda kusomea mimea, mimi nikaenda kompyuta. Mwaka 2022 akanipigia. Yeye na vijana kadhaa wa kando ya mto walitaka kufuatilia mipopla katika sehemu moja ya Athi. Walikuwa na daftari, kalamu, na faili moja la jedwali lenye rangi nyingi kuliko maana. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta?" akaniuliza. Na kwa kuwa mjomba wangu, kaka yake mama, anafuga mbuzi upande wa Makueni si mbali na hapo, sikuwa na kisingizio. Kulala ningelala kwake, na kula ningekula muthokoi.

Sitataja ni sehemu gani ya mto. Mnakumbuka yaliyoupata msandali. Serikali ilipiga marufuku kuuvuna mwaka 2007, ukaingizwa kwenye Kiambatisho cha II cha CITES mwaka 2013, na bado wezi waliendelea kuufuata vichakani. Mpopla hauna soko kama hilo, lakini kanuni ni nzuri: ramani ya mti adimu haiwekwi hadharani.

Nikatumia ODK, programu huria ya kukusanya data kwa simu. Ilianzia Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2008, na uzuri wake ni kwamba haihitaji mtandao ukiwa porini. Unajaza fomu, inakaa ndani ya simu, ukirudi penye mtandao inatumwa kwenye seva. Fomu yangu ilikuwa hivi: ukikuta mti, chukua GPS, piga picha ya majani na shina, pima mzingo wa shina kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, na kama kuna maua andika dume au jike.

Matatizo ya kwanza yalikuwa yale ya kawaida. GPS ya simu penye uwazi hukosea mita kama 5, na chini ya matawi hukosea zaidi. Miti iliyosimama mita 3 kutoka kwa mwenzake ikawa mti mmoja, na mti mmoja uliopimwa mara mbili ukawa miti miwili. Mingine ilihama kaunti. Mpaka kwenye ramani ni mstari katikati ya mto, lakini mto wenyewe unahamahama, basi kuna mti wa Kitui ambao hifadhidata iliuandikisha Makueni. Tukafunga vibati vyenye namba. Watoto wanaochunga mbuzi wakaviona vinang'aa, vikapata kazi nyingine. Mwishowe tukakubaliana na njia ya kizamani: picha, namba ya kipande cha mto, na maelezo kama "hatua 12 juu ya jiwe kubwa." Inafanya kazi kuliko teknolojia yangu yote.

Tuliigawa sehemu yetu ya mto katika vipande 12. Tukahesabu Agosti 2022, tukarudia Agosti 2023. Nikachora grafu. Mstari ukalala sawa kabisa, kwa sababu hakuna mti uliokufa. Rafiki yangu akafurahi, vijana wakafurahi, mimi nikaanza kufikiria jina la mfumo wangu.

SWALI LA MJOMBA

Jioni ile nikamwonyesha mjomba grafu kwenye kompyuta. Akaitazama kwa muda.

"Kwa hiyo miti ni ile ile?"

"Ndiyo, mjomba. Hakuna iliyopungua."

"Na watoto?"

"Watoto wa nani?"

"Wa miti. Mwanangu, boma lenye wazee peke yao, mwaka huu wako sita, mwaka ujao wako sita. Utaniambia boma hilo ni zima?"

Nilinyamaza. Fomu yangu ilikuwa inafunguliwa pale tu mtu anapokuta mti. Kijana akitembea kwenye ufuko mzima wa mchanga akitafuta miche, akakosa, hakuwa na mahali pa kuandika kwamba alitafuta akakosa. Alirudi nyumbani na jasho lake, na seva yangu ikaendelea kudhani hakwenda popote. Kwenye mfumo wangu, kukosa hakukuwepo.

Na kumbuka miaka yenyewe. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 mvua zilifeli misimu mitano mfululizo. Kama kulikuwa na wakati wa kuandika "tumetafuta, hakuna," ni ule. Mti mkubwa hauonyeshi upesi shida ya uzazi. Unasimama tu, mnene, wa kupendeza kwenye picha, ukiendelea kuzeeka.

KOSA LA PILI, LILILO BAYA ZAIDI

Nikarudi Nairobi na hamasa. Nikabadilisha mfumo. Badala ya kuanza na mti, sasa fomu ilianza na kipande cha mto. Nikaongeza safu ya idadi ya miche, na kwenye hifadhidata nikaandika hivi:

miche INTEGER DEFAULT 0

Kwa wasio waprogramu: maana yake ni "hapa patakuwa na namba, na mtu asipojaza kitu, andika sifuri." Nilifanya hivyo kwa uvivu. Nafasi tupu zinaleta usumbufu kwenye hesabu. Ukijumlisha tupu na tano, hifadhidata inakujibu tupu, na programu zako zinaanza kulia. Sifuri ni tulivu. Sifuri haisumbui mtu.

Mwisho wa 2023 mvua ya El Niño ikaja kwa fujo. Athi ikafurika. Februari 2024 tukaenda, na katika kipande cha 3 palikuwa na ufuko mpya wa mchanga, na juu yake miche. Midogo, mirefu kama kidole. Rafiki yangu alipiga magoti kwenye tope akaanza kuhesabu huku anacheka peke yake. Ilibidi awe mwangalifu, maana kando ya mto ule kuna pia miti ya jamii ya Salix, ambayo ni ndugu wa mpopla, na ikiwa michanga inaweza kukuchanganya. Alikubali 27 tu, yenye picha zinazoeleweka.

Usiku huo hifadhidata ikanipa jedwali zuri:

Kipande cha 3 | Agosti 2022 | 0
Kipande cha 3 | Agosti 2023 | 0
Kipande cha 3 | Februari 2024 | 27

Sifuri, sifuri, ishirini na saba! Rafiki yangu akaiweka kwenye ripoti aliyokuwa anaiandaa: miti ilisubiri kiangazi kiishe, na mara mvua iliporudi ikaanza kuzaa tena. Hadithi tamu.

Siku moja kabla ya ripoti kutumwa, nilikuwa nachora ramani, nikataka kila nukta iwe na jina la aliyekwenda. Kipande cha 3, Agosti 2022: sifuri, lakini mtu hakuna. Agosti 2023: sifuri, mtu hakuna. Nikaangalia kipande cha 9, Februari 2024: sifuri, mtu hakuna. Kipande cha 9 nilikikumbuka vizuri. Hatukufika kabisa, maji yalikuwa juu na viboko walikuwa wametanda njiani.

Nilipoongeza safu mpya, hifadhidata ilikuwa imerudi nyuma ikajaza sifuri kwenye kila mstari wa zamani, mahali ambapo hakuna binadamu aliyetazama. Kipande cha 3 hakikuwa na mipopla mikubwa, kwa hiyo miaka miwili ya kwanza hakuna aliyejisumbua kukagua. Huenda kulikuwa na miche 100. Huenda hakukuwa na hata mmoja. Mfumo wangu wa kwanza ulishindwa kusema "tumekosa." Wa pili ulisema "tumekosa" kwa niaba ya watu ambao hawakwenda.

Nikampigia rafiki yangu saa tano usiku. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Ni ngapi za kweli?" Nikachuja. Katika sifuri zote zilizokuwa kwenye jedwali, zile zilizoandikwa na mtu aliyetembea kwa miguu yake zilikuwa nne. Akafuta ile aya usiku huo huo.

KWA NINI NINALIA JUU YA SIFURI

Mtu anaweza kusema, ni miche tu, tengeneza programu uendelee. Ngoja nieleze.

Huko juu ya mto, mahali Mto Thwake unapoungana na Athi, pale pale mpakani mwa Makueni na Kitui, ujenzi wa Bwawa la Thwake ulianza mwaka 2018. Ukuta wake umepangwa kuwa na urefu wa mita 80.5, na ziwa lake litashika zaidi ya mita za ujazo milioni 600. Mimi si mpinzani wa bwawa. Nimebeba jerikeni za maji kwa susu yangu, najua kiangazi cha Ukambani kilivyo. Lakini kazi ya bwawa ni kushika mafuriko, na mafuriko ndiyo mkunga wa mti huu.

Hili si dhana. Kwenye Mto Tana, mtafiti Francine Hughes alionyesha katika miaka ya 1980 jinsi msitu wa kando ya mto unavyotegemea mafuriko na mchanga mpya. Tana tayari ina mabwawa matano, kuanzia Kindaruma la 1968 hadi Kiambere la 1988. Na ukienda mbali zaidi, magharibi mwa China, kuna ndugu wa mti wetu aitwaye Populus euphratica, anayeishi jangwani kando ya Mto Tarim. Kuanzia miaka ya 1970, kwa sababu ya bwawa na mashamba ya umwagiliaji, zaidi ya kilomita 300 za mwisho za mto ule zilikauka, na misitu ikaanza kufa. Mwaka 2000 serikali ya China ikaanza kuachilia maji makusudi ili kuiokoa. Kwa hiyo dawa ipo: bwawa linaweza kuachilia maji kwa mpango. Lakini anayeomba maji yaachiliwe lazima aonyeshe hali ilikuwaje kabla.

Hapo ndipo penye uchungu. Ile "kabla" yetu, Agosti 2022 na Agosti 2023, imepotea. Hakuna programu ya kurudi kwenye ufuko wa mchanga wa miaka hiyo. Ningekuwa nimeacha nafasi ya kuandika "tumetafuta, hakuna," tungekuwa nayo leo. Na kama ile ripoti ingetoka, tungekuwa na kitu kibaya kuliko kukosa: namba safi, yenye tarehe, ya uongo.

Kuna msomaji atauliza: si mkate vijiti mpande? Mipopla mingi hushika kwa vijiti, kweli. Lakini kijiti kutoka mti dume kitakupa dume lile lile. Unaweza kujaza ukingo mzima kwa nakala za mti mmoja, na grafu ikapanda kweli kweli, bila mtoto hata mmoja kuzaliwa. Kupanda kuna nafasi yake. Hapa karibu tuna mfano mzuri wa mukau (Melia volkensii), ambao KEFRI inaukuza kwenye bustani za mbegu za Tiva, Kitui, na Kibwezi, Makueni. Pale miti mama bora ilichaguliwa mingi, ili mbegu zisitoke kwa mzazi mmoja. Ila kwenye hifadhidata, mti uliopandwa na mti uliojiotea haviwezi kukaa kwenye safu moja.

NILIVYOREKEBISHA

Kwa wanaopenda upande wa kiufundi:

Kwanza, nimeondoa DEFAULT 0. Kila namba sasa inaandikwa na mtu kwa kidole chake. Kama ni sifuri, aandike sifuri.

Pili, kila ziara ina mstari wake hata kama hakuna kilichoonekana: nani alikwenda, lini, alitembea mita ngapi, alitafuta kwa dakika ngapi. Sifuri ya dakika 5 na sifuri ya saa 2 si sifuri moja.

Tatu, kuna jibu la "sikufika," na linadai sababu: maji yamejaa, viboko, mamba, njia imefungwa, malori ya mchanga. Hiyo ya mwisho imekuwa data yenyewe. Makueni ilipitisha sheria ya kulinda mchanga mwaka 2015, na kitanda cha mbegu za mpopla ni huo huo mchanga unaogombaniwa.

Nne, mistari yote ya zamani nimeirudisha kuwa tupu. Ramani ya 2022 sasa imejaa mashimo. Inachukiza kuitazama, lakini haidanganyi.

Agosti 2024 tulirudi kipande cha 3. Katikati yalikuwa yamepita mafuriko makubwa ya Aprili na Mei. Ule ufuko haukuwepo. Mto ulikuwa umeuchukua wote, na miche 27 pamoja nao. Tulitafuta saa moja na nusu pande zote mbili. Kisha rafiki yangu akatoa simu, akafungua fomu, akaandika sifuri, akanionyesha kabla ya kubonyeza. Iliniuma, lakini safari hii ilikuwa sifuri ya mtu aliyekwenda akatazama.

Na wewe unayesoma hapa, kama unatengeneza mfumo wa zahanati, wa shule au wa chama cha akiba, hebu kaangalie leo ni wapi umeweka sifuri ya kujijaza. Mtoto ambaye hakupimwa uzito hana uzito wa sifuri. Mwanachama ambaye hakuulizwa hajasema hapana.

Mjomba hataki simu kubwa, anasema betri yake ni ya mtu mvivu. Kwa hiyo nimemtengenezea njia ya kutuma kwa SMS akiwa anapita na mbuzi wake. Ujumbe wake wa mwisho nimeuingiza asubuhi hii: "Kipande 4. Nimezunguka mpaka jua limekuwa kali. Hakuna. Nitapita tena baada ya mvua."

Mwenye swali aulize hapo chini, nitajibu. Safari hii sitapotea sana.